Kilichowekwa na Abdihakim Hakibadilishwi

Kitale, 9 Machi 2009

Kwa Zulekha, binti wa marehemu dada yangu, huko Bungoma.

Assalaam alaikum. Mimi mjomba wako Osman nina miaka sabini na nane. Kama kuna mtu anakwambia ni themanini, mwambie alete cheti. Nimeishi kuliko mkoloni. Nimeishi kuliko lori tatu za Leyland nilizoendesha mpaka Lodwar wakati barabara ilikuwa mchanga na mawe tu, kuliko wake wawili, na kuliko daktari aliyeniambia niache chumvi. Nimeishi pia kuliko mwanangu Abdihakim, lakini hiyo siiweki kwa hesabu ya kujivunia.

Sisi ni wazima. Bilan, mjane wake, anakusalimu. Watoto wanakohoa kidogo kwa vumbi. Mvua haijaja na watu wanakaa tu na mbegu kwa gunia wakiangalia juu. Barua hii naandika kwa mkono wangu, siandikiwi na mtu. Gumbaru, ile shule ya watu wazima, nilisoma mwaka mmoja na nusu, na mwalimu alisema kama ningeanza mapema ningekuwa D.O.

Sasa neno lenyewe. Ni kompyuta ya Abdihakim, ile ya studio hapo nyuma ya msikiti. Tangu azikwe nimeitunza mimi. Kila jioni naichomoa kwa umeme naifunika blanketi, kwa sababu radi ya Kitale unaijua. Sasa imekataa kufunguka. Inawaka, inaandika maneno yake ya kizungu, halafu inakuwa samawati mara moja, inazima, inaanza tena. Ni kama mtu anayeamka, anakumbuka shida zake, analala tena.

Na mimi nimeahidi mtu. Kabura, mjane wa Mbogo, alikuja hapa. Mbogo unamkumbuka, alikuwa turniboi wangu, mpakia mizigo wa lori, miaka kumi kabla hajapata shamba huko Kwanza. Nyumba yao ilichomwa wakati ule wa vurugu za uchaguzi, na picha zote zikaenda. Mwaka huo huo Mbogo naye akaenda. Sasa mwisho wa Agosti watu wao wanafanya maombi ya kumkumbuka, na mama hana uso wa mumewe hata mmoja. Lakini Abdihakim alimpiga picha kwa harusi ya binti yao. Iko ndani ya mashine. Nikamwambia mbele ya watu, "Mama, picha iko. Osman akisema iko, iko."

Nilileta fundi wa hapa mjini. Amesema mambo mawili: ama aipige fomati aweke Windows mpya, kila kitu kifutike, ama aichukue diski aende nayo kwake. Nikamwambia mlango ni ule alioingilia. Hiyo mashine haitoki kwa nyumba hii, na kilichowekwa na Abdihakim hakibadilishwi.

Wewe kazi yako ni hii ya kompyuta. Basi andika. Usinipigie simu, masikio yangu niliyaacha kwa injini ya Leyland. Na usimpigie Bilan, mambo ya nyumba hii inapita kwangu.

Ni mimi mjomba wako,
Osman


Bungoma, 30 Machi 2009

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imelala posta wiki mbili, ndiyo maana nachelewa. Huku sisi tu wazima. Mvua imeanza kidogo, sisi tumepanda maharagwe nyuma ya nyumba, na cyber inasukuma siku. Watoto wa Bilan wape maji ya moto na asali. Mwambie namkumbuka.

Niliposoma jina la Abdihakim niliweka barua chini, nikaichukua tena baadaye.

Mjomba, usikubali fomati, hapo umefanya vizuri. Lakini kabla ya kusema lolote nahitaji kujua mambo matatu. Kwanza, ikiwaka, kuna sauti ya kukwaruza ndani, kama kuku anayechakura bati? Pili, ile skrini ya samawati ina mstari karibu na chini unaoanza na neno STOP. Mbele yake kuna tarakimu. Hizo tarakimu ndizo zinasema ugonjwa. Uninakilie. Tatu, kuna mtu ameifungua hiyo mashine, akagusa ndani?

Ningekuja nijionee mwenyewe. Bungoma na Kitale ni asubuhi moja tu. Lakini unajua, na mimi najua.

Sisi tunakuombea afya.

Mpwa wako,
Zulekha


Kitale, 27 Aprili 2009

Kwa Zulekha.

Mvua imekuja yote pamoja kama watu wa harusi. Tumepanda. Kuku mmoja ameliwa na kicheche. Watoto wamepona, na si kwa asali yako, ni kwa mwarobaini wangu.

Barua yako imejaa "sisi". Sisi tumepanda, sisi tunaomba. Mimi sikuuliza habari ya yule mtu wa Tongaren uliyeolewa naye bila ruhusa yangu. Niliuliza habari ya kompyuta.

Hizo tarakimu zako zimenitoa jasho. Ile samawati inakaa kama umeme wa radi, ukipepesa imeenda. Nikachukua kiti, daftari la mtoto na kalamu, nikawa nanyakua herufi moja, naandika, nangoja izunguke tena, nanyakua nyingine. Bilan akasimama mlangoni.

"Baba, unavua samaki?"

"Nasoma."

"Tangu asubuhi?"

"Wewe ulisoma mpaka fomu foo, njoo usome basi."

Akaja. Akashika moja, ikamponyoka, akarudi jikoni anacheka. Ni mara ya kwanza nasikia kicheko kwa hiyo nyumba tangu tumzike, kwa hivyo sikumgombeza. Nikamaliza peke yangu. Ni hii:

STOP: 0x0000007B

Kuna sufuri nyingi. Nimeziandika zote, mimi siibi sufuri. Hakuna sauti ya kuku ndani, inanguruma vizuri tu kama injini iliyotoka sevisi. Na hakuna mtu ameifungua. Nani ataifungua na mimi niko?

Kabura alipita Alhamisi. Anauza viazi soko kuu siku hizi. Alinunua chumvi dukani hapo mbele, akanisalimu, akaenda. Hakuuliza.

Osman


Bungoma, 14 Mei 2009

Mjomba wangu, shikamoo.

Pole kwa kuku. Pole pia kwa kazi ya kunakili. Nilipofungua barua na kuona ile 7B nilipiga makofi peke yangu hapa dukani, wateja wakadhani nimeshinda bahati nasibu. Umeinakili sawasawa kabisa. Mjomba, diski haijafa. Picha ya Mzee Mbogo iko.

Nitakueleza kwa lugha ya lori. Windows ya Abdihakim ni XP, ni ya zamani. Mfano wake ni dereva aliyejifunza kwa Leyland yako. Sasa mashine yenyewe ilitengenezwa juzi, na ina njia mbili za kuongea na diski. Moja ni ya zamani, inaitwa IDE. Nyingine ni ya sasa, inaitwa AHCI. XP anajua IDE tangu utotoni. AHCI hakufundishwa. Ukimweka kwa usukani na gia ni za AHCI, anapapasa, haoni gia hata moja, anazima gari anashuka. Gari ni zima, mzigo uko nyuma, barabara iko. Ni gia tu. Ile 7B maana yake ni hiyo: "Siioni diski yangu."

Kwa hivyo fanya hivi. Washa, na papo hapo gongagonga kitufe kilichoandikwa Delete. Itakuja skrini ya mipangilio, hiyo haikimbii, inakungoja. Shuka kwa mishale mpaka uone neno SATA. Mbele yake soma kumeandikwa nini. Kama ni AHCI, geuza iwe IDE, halafu bonyeza F10 na ukubali. Hakuna kinachofutika.

Kinachonisumbua ni kimoja. Najua iliwekwa IDE. Mashine haibadilishi mawazo yenyewe. Kitu kimeifanya isahau. Mara nyingi ni ile betri ndogo ya ndani, iliyo bapa kama sarafu. Hiyo ndiyo inashika kumbukumbu ya mipangilio mashine ikiwa imezimwa. Angalia kama saa yake inasema ukweli.

Zulekha


Kitale, 20 Juni 2009

Kwa Zulekha.

Nimepata barua yako na nimekaa nayo. Nyumbani si mbaya. Mahindi yamefika magoti. Mguu wangu wa klachi unauma nikiinama. Nimechoka kidogo, si sana.

Niligonga hiyo Delete kama ulivyosema. Ilikuja skrini yako, nikashuka mshale mmoja mmoja, nikafika kwa SATA. Imeandikwa AHCI, herufi nne, nimezisoma mimi mwenyewe bila Bilan. Halafu nikatoka bila kugusa.

Sikubadilisha na sitabadilisha. Hiyo mashine aliitengeneza nani? Abdihakim. Aliyeandika AHCI ni nani basi? Wewe unaniambia nifute kazi ya marehemu kwa sababu ya barua. Mimi miaka thelathini barabarani sikuwahi kugusa karbureta ya gari la mtu kwa sababu mtu mwingine amesema. Ulisema unajua iliwekwa IDE. Unajuaje? Hukuandika. Mkono ambao haukuwa pale siku ile hautabadilisha kitu, hata ukiwa mkono wangu.

Na kuhusu betri usinifundishe. Betri nimeitunza kuliko wote. Mwezi wa pili saa ya kompyuta ilianza kusema ni mwaka 2002. Kijana wa duka la redio akaniambia ati betri yake ndogo imechoka. Sasa betri iliyochoka inatakiwa nini? Mimi redio yangu nimeilisha hivyo tangu zamani: unatoa betri, unaanika juani, zinapata nguvu. Nikafungua na bisibisi, nikaitoa, nikaiweka juu ya mabati ya banda la kuku kutwa nzima, jua kali la Februari. Adhuhuri nikaigeuza kama chapati. Ilipopoa nikairudisha. Hakuna fundi Kitale hii angeishughulikia hivyo.

Nilisema hakuna mtu ameifungua, na ni kweli. Mimi si mtu, mimi ni mwenye nyumba.

Kabura amekuja tena. Safari hii aliingia, akaketi, akaleta viazi kwa mfuko. Tukaongea habari ya mvua. Tukaongea jinsi Mbogo alilala chini ya lori kule Marich na nge akampita kifuani. Alicheka. Halafu akasema, "Unajua Mzee, siku hizi nikifumba macho namuona kwa mgongo tu. Uso umeanza kunipotea." Akaamka akaenda. Picha hakuitaja. Kuja kwake bila kuuliza ndiko kunanimaliza. Angenitukana ningelala vizuri.

Osman


Bungoma, 6 Julai 2009

Mjomba, shikamoo.

Tunaendelea. Mimi nilikuwa na malaria, imepita.

Nimesoma habari ya betri mara mbili. Mjomba, betri za redio na hii si jamii moja. Hii ikitolewa, mashine inasahau yote iliyoambiwa, inarudi kwa ilivyotoka kiwandani. Kiwandani waliweka AHCI. Kwa hivyo ile AHCI uliyosoma haikuandikwa na Abdihakim. Kilichoandikwa siku yake kilifutika siku ile betri iko juu ya banda la kuku. Sisemi kwa ubaya. Ungeniuliza mwezi ule wa pili ningekuambia, lakini wakati huo hatukuwa tunaandikiana.

Umeuliza najuaje. Kwa barua ya kwanza sikuandika, na ya pili sikuandika. Sasa naandika.

Abdihakim alileta mashine hapa Bungoma mwaka 2007, mpya, imefungwa blanketi, lile la mistari myekundu ambalo naamini ndilo unaifunika mpaka leo. Printa yake ya picha ilikuwa inakubali XP peke yake, ndiyo maana hakutaka Windows nyingine. Tukaweka sidii ya XP. Ikasema hakuna diski ndani ya hii mashine. Tukarudia, ikasema vile vile. Kuna njia ya kuipa XP somo la AHCI wakati wa kuiweka, lakini inataka flopi, na mashine haikuwa na mahali pa flopi. Abdihakim alishika kichwa. Alisema, "Nikirudi nayo Kitale hivi, Mzee ataniambia ningenunua ng'ombe."

Aliyepata dawa hakuwa Abdihakim. Sikuwa mimi, mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai. Ni Hiram, yule unayemwita mtu wa Tongaren. Alikuwa amekaa pembeni. Akasema, "Kama mzee hawezi kujifunza gia mpya, si mumrudishie gia yake?" Abdihakim akaamka, akampa kiti chake. Hiram akaingia kwa mipangilio, akageuza, XP ikaona diski. Abdihakim alimkumbatia mpaka chai ikamwagika.

Mjomba, siku ya mazishi ulisimama langoni ukasema nisikanyage hapo na yule, tukafuata mazishi ya Abdihakim tukiwa upande wa pili wa barabara. Maneno hayo sikukurudishia siku ile na sikurudishii leo. Ila umesema unataka mkono uliokuwa pale. Mkono upo. Siwezi kuutuma bila kuitwa.

Zulekha


Bungoma, 3 Agosti 2009

Mjomba,

Sijapata jibu. Huenda barua imepotea, huenda haikupotea. Agosti imeingia. Kama hutaki, basi mwite fundi mwingine yeyote wa hapo mjini na umwambie maneno haya tu: SATA, IDE, F10. Bilan pia anaweza. Usiache Kabura aende maombini na fremu tupu kwa sababu yangu.

Zulekha


Kitale, 4 Agosti 2009

Kwa Zulekha.

Barua ya Julai niliipata. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na kazi.

Habari za hapa. Lango la barabarani bawaba imeng'oka. Halifungiki tena hata mtu akitaka. Sijaitengeneza na sina haraka. Jumamosi ya tarehe kumi na tano niko nyumbani, siendi popote. Bilan anasema siku hiyo atapika pilau ya sufuria kubwa. Nimemwambia sisi ni watu wanne, unapoteza mchele. Hasikii. Wanawake wa siku hizi hawasikii.

Blanketi ni hilo hilo, la mistari myekundu.

Osman


Kitale, 24 Septemba 2009

Kwa Zulekha.

Eid mubarak. Tulifunga salama, hata mimi nilifunga yote, wazee wengine hapa msikitini walikula wakisingizia sukari. Mahindi yanakauka vizuri. Bilan amefungua studio tangu Jumatatu, na ana wateja wa picha za kitambulisho. Bawaba bado.

Naandika kwa sababu nimesikia maneno. Rafiki yako mmoja wa sokoni amemwambia Bilan kwamba huko kwenu Tongaren inasemwa ati siku ile Mzee Osman alilia mbele ya kompyuta. Sasa mimi nitaandika ilivyokuwa, na hii barua uiweke, ili nikifa msitunge.

Mlifika saa nne, wewe na huyo wako. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kiti changu barazani. Sikuamka kwa sababu ya mguu wa klachi. Wewe ulisema shikamoo, nikajibu. Yeye akasema shikamoo, nikajibu pia, salamu ni ya Mungu. Nikamuuliza, "Wewe ndiye unajua gia za zamani?" Akasema, "Kidogo, Mzee." Nikampenda hapo kidogo, kwa hiyo kidogo yake. Vijana wa mjini wote wanajua sana.

Kabura alikuwa amekaa ndani tangu asubuhi na kitambaa cha kichwa kipya. Mimi sikumwita. Nani alimwita sijui, namshuku Bilan.

Nilimwonyesha huyo wako kiti cha Abdihakim. Yeye akasimama hapo hakai. Akaniangalia. Nikamwambia, "Kaa basi, kiti hakiumi." Wewe ukampa betri mpya uliyokuja nayo, akaiweka. Ile ya zamani nilimnyang'anya, iko kwa mfuko wa shati langu, bado ina nguvu. Akawasha, akagonga Delete, akashuka, akageuza. Sikuhesabu lakini ilikuwa haraka kuliko mtu kufunga kamba ya kiatu. Mimi miezi mitano nimevua samaki, na yeye anageuza neno moja. Sikukasirika. Nilichoka tu, nikaegemea ukuta.

Ikaja ile alama ya Windows. Tukangoja samawati. Haikuja. Ikaja picha ya mlima Elgon ambayo Abdihakim alipiga kutoka Endebess, na jina lake limeandikwa juu. Bilan alikuwa ameshika mwiko, pilau ikaungua upande, na ule moshi ukaingia studio. Andika hapo: moshi.

Picha ya Mbogo mliipata. Amevaa tai, anacheka na meno yote, hata lile lililovunjika kwa jeki ya lori langu. Kabura hakuichukua mara moja kutoka kwa printa. Aliiangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe masikio yalikuwa hivyo." Halafu akaishika kwa ncha za vidole mpaka ikakauka. Maombini waliiweka mbele, kwa fremu. Nilienda. Nilimuona rafiki yangu uso kwa uso, sikumuona kwa mgongo.

Sasa kuna jambo hamkuniambia, wote wawili. Mlipokuwa mnatafuta, zilipita picha za harusi. Wewe ulifunga haraka, lakini macho yangu si kama masikio yangu. Sikuuliza ni harusi ya nani. Niliona miti ya Tongaren, nikaona wewe na hina mkononi, nikaona huyu wako akiwa na suti ya kuazima. Na katikati yenu nikaona Abdihakim, ambaye aliniambia siku hiyo anaenda Kiminini kununua wino wa printa. Amevaa koti langu la kaki. Hilo koti nilitafuta mwaka mzima. Nilimsingizia mchunga ng'ombe wa jirani.

Anacheka kwa hiyo picha. Nimemwambia Bilan aniprintie moja, kubwa. Iko kwa ukuta wangu, juu ya redio. Ni kwa ajili ya koti.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikulia. Mtu akibisha, Bilan alikuwepo na mwiko wake. Kabura alikuwepo, na yeye hawezi kudanganya akiwa ameshika uso wa mumewe. Na kama watu watasema hao ni wanawake wenye huruma, wamuulize aliyekuwa karibu nami kuliko wote, aliyekaa kwa kiti cha mwanangu, ambaye macho yake pia yaliingia moshi. Huyo ni shahidi wangu wa tatu. Ni Hiram, mkwe wa nyumba hii.

Mjomba wako,
Osman